Wanafunzi wangu 11 wanashindwa historia, na utafiti wangu umekwama

Shikamoo Mwalimu,

Nasomea ualimu, niko mwaka wa mwisho, na somo langu ni historia. Ili nihitimu natakiwa kufanya utafiti mdogo darasani. Nimechagua kuwasaidia wanafunzi wa madarasa ya kati, wenye miaka 12 hadi 14, ambao historia inawashinda. Mada hii nimeichagua kwa moyo. Nilipokuwa na umri wao nilikuwa nikipata alama za chini kabisa, mpaka nikakutana na mwalimu mmoja aliyekuwa na subira nami.

Msimamizi wangu amenirudishia pendekezo la utafiti mara tatu, na mara zote ameandika pembeni maneno yale yale: "Pana mno. Unatafiti nini hasa?" Kichwa changu ni "Changamoto zinazowakabili wanafunzi dhaifu katika kujifunza historia na namna ya kuzitatua." Nimebadilisha maneno huku na huku, lakini naona kama nazunguka mbuyu.

Mpango wangu ni huu. Mwalimu wa darasa amenipa wanafunzi 11 walioshika mkia katika mtihani uliopita. Kwa wiki sita niwaonyeshe filamu fupi, niwachezeshe michezo ya maswali kwenye kompyuta na kuwapa zawadi ndogo ndogo, kwa sababu naamini wameichukia historia, na wakiipenda wataielewa. Mwishoni niwape mtihani nilinganishe na alama zao za zamani. Mwalimu wao aliniambia waziwazi: "Hao usijisumbue nao, hawana kichwa cha historia." Nilinyamaza kwa heshima, lakini iliniuma.

Wiki iliyopita nilikaa nao kwa mara ya kwanza. Nikampa kijana mmoja ukurasa wa kitabu unaoeleza Mkutano wa Berlin, asome kwa sauti. Alisoma vizuri, hakukwama hata neno moja. Nikamwuliza, umeelewa nini? Akasema, "Watu walikutana, wakakubaliana." Watu gani? Kimya. Walikubaliana nini? Kimya. Halafu akanitazama, akauliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, Berlin alikuwa mfalme wa wapi?" Wenzake wakaangua kicheko. Akainamisha kichwa, na hakusema neno tena mpaka kipindi kikaisha.

Usiku ule usingizi ulinipaa. Kama hajui hata kwamba Berlin ni mji, filamu zangu zitamfaa nini? Zimebaki wiki tatu nianze. Nibadilishe mada? Na nikuulize jambo ambalo siwezi kumwuliza msimamizi: ni kweli wapo watoto wasio na kichwa cha historia?

Wako,
Mwanachuo Aliyekwama

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimesimama pale pale: "Berlin alikuwa mfalme wa wapi?" Hilo ndilo swali bora kuliko yote yaliyomo kwenye barua yako, pamoja na yale uliyoniuliza mimi. Mtoto asiye na kichwa cha historia haulizi hivyo. Huyu ameona jina lenye herufi kubwa, akaona watu wanakutana na kukubaliana mambo ya nchi, akakisia kwamba mwenye jina hilo lazima awe mkubwa fulani. Ametumia akili yake yote juu ya kile alichokuwa nacho. Alichokosa ni kitu kimoja kidogo, ambacho mwandishi wa kitabu alidhani kila msomaji anacho.

Basi mada usiibadilishe. Ipunguze mpaka ienee ndani ya swali la kijana huyo. Msimamizi anapokuuliza unatafiti nini hasa, anataka kujua watoto hawa wanakwamia wapi. Wewe umeshaandaa dawa, tena ya aina tatu, na ugonjwa bado hujaupima. Umeamua kwamba ni chuki. Huenda wapo wanaoichukia historia kweli, lakini mara nyingi mtoto huchukia somo baada ya kuaibika nalo mbele ya wenzake, na wewe umeshuhudia kwa macho yako jinsi inavyotokea. Zawadi haiwezi kumwambia Berlin ni wapi.

Tuutazame ukurasa wenyewe. Vitabu vingi huandika sentensi ya namna hii, ambayo nimeitunga mimi lakini najua utaitambua: "Mkutano wa Berlin wa 1884–1885, ulioitishwa na Bismarck, uliweka taratibu za ukaliaji wa maeneo mapya katika pwani za Afrika." Sisi tuliosoma tunaipita bila kutoka jasho. Mtoto wa miaka 13 anabebeshwa mizigo mingapi hapo? Berlin ni mji mkuu wa Ujerumani, hakuambiwa. Bismarck alikuwa Kansela, yaani mkuu wa serikali, wa nchi hiyo, hakuambiwa. "Ukaliaji" ni tendo lililogeuzwa jina, na kwa kugeuzwa huko aliyekalia na aliyekaliwa wote wamefichwa. "Taratibu" ziliwekwa na nani, kwa faida ya nani? Na hayo "maeneo mapya" yalikuwa mapya kwa nani, ikiwa watu walikuwa wakiishi humo vizazi na vizazi? Anayesoma vizuri kwa mdomo anaweza kuipita sentensi hiyo kama mtu anayevuka daraja gizani. Amefika ng'ambo, mto hakuuona.

Jambo hili limetafitiwa, na itakusaidia kulitaja kwenye sura yako ya mapitio. Mwaka 1991 Isabel Beck na Margaret McKeown, pamoja na wenzao huko Marekani, walichukua maandishi ya kitabu cha historia cha watoto wa shule ya msingi wakayaandika upya. Hawakuyafanya mafupi. Waliweka wazi nani alifanya nini, kwa sababu gani, na jambo moja lilizaaje lingine. Watoto waliosoma maandishi mapya walikumbuka na kuelewa zaidi kuliko waliosoma yale ya awali. Kurahisisha tunakokuzoea mara nyingi ni kukata maneno, na tukikata maneno, neno la kwanza kuondoka huwa "kwa sababu". Ukurasa unakuwa mfupi na mgumu zaidi.

Utafiti wa pili ninaoupenda haukuhusu historia hata kidogo. Mwaka 1988 Donna Recht na Lauren Leslie waliwachukua wanafunzi 64 wa umri huu huu wa wanafunzi wako, wakawapa kisa cha mchezo wa besiboli wakisome, kisha waonyeshe yaliyotokea kwa kusogeza vinyago kwenye kiwanja kidogo cha mfano. Baadhi yao walikuwa wasomaji wazuri, wengine wasomaji wa shida. Na katika kila kundi wapo walioujua mchezo na wasioujua. Wasomaji wa shida walioujua mchezo waliwashinda wasomaji wazuri wasioujua. Fikiria hilo kwa wale 11 wako. Mtoto anayeitwa dhaifu akiingia kwenye ukurasa akiwa na picha ya jambo kichwani, anaelewa. Kwa hiyo kabla hajafungua kitabu lazima awe ameshapewa watu, mahali na ugomvi wenyewe: nani anataka nini, na nani anamzuia.

Sasa kazi. Wiki mbili za mwanzo usifundishe chochote. Kaa na mtoto mmoja mmoja, dakika 15 zinatosha, mbali na wenzake ili pasiwe na wa kumcheka. Mpe ukurasa, asome sentensi moja, asimame, akwambie kwa maneno yake anachokiona kichwani. Usimsahihishe. Andika maneno yake kama alivyoyatamka, hata yakiwa ya kushangaza. Baadaye yapange: hapa alikwama kwa neno, hapa kwa jina la mtu au mahali, hapa hakuona sababu, hapa alipotea katika wakati. Utakuta pia mmoja au wawili ambao kusoma kwenyewe ndiyo shida, au wanaosogeza kitabu karibu na pua. Hao wanahitaji msaada mwingine kabla ya historia. Mwone mwalimu wa darasa mapema, usiwaweke kwenye hesabu kimyakimya.

Hapo ndipo swali lako la utafiti litazaliwa. Ningekuwa wewe ningeandika hivi: "Wanafunzi hawa 11 wanakwamia wapi wanaposoma ukurasa wa historia, na uelewa wao unabadilikaje wakipewa maarifa ya awali na maandishi yanayoonyesha wazi watendaji na sababu?" Ni swali la watoto hawa, ukurasa huu, na msaada mmoja unaotajika. Mpelekee msimamizi pamoja na zile karatasi za maneno ya watoto. Utafiti wa namna hii, ambao mwalimu anachunguza kazi yake mwenyewe, anabadilisha kitu, anatazama, kisha anarekebisha, ndio uitwao utafiti tendaji. Kurt Lewin aliupa jina hilo miaka ya 1940, kwa hiyo hakuna wa kukwambia umejitungia.

Filamu unaweza kubaki nayo moja, ya kufungulia mada. Michezo ya kompyuta iache. Ukifanya mambo manne kwa pamoja alama zikapanda, hutajua ni lipi lililofanya kazi, na mwalimu mwingine atakayesoma utafiti wako hatajua achukue nini.

Kuna mtego kwenye mpango wako wa mtihani, naomba uusome taratibu. Watoto wako wamechaguliwa kwa sababu walishika mkia katika mtihani mmoja. Siku ile mmoja alikuwa mgonjwa, mwingine aliangukiwa na maswali asiyoyasoma, mwingine alikuwa na lake moyoni. Kundi lililochaguliwa hivyo kwa kawaida hupanda kidogo katika mtihani unaofuata hata lisipofundishwa lolote, kwa sababu bahati mbaya haiwapati watu wale wale siku zote. Ukilinganisha na alama hizo za zamani, utajisifia kupanda ambako si kwako. Wapime upya wewe mwenyewe mara mbili, kwa siku tofauti, kabla ya kuanza. Na kwa watoto 11 usiandike asilimia. Sema "wanafunzi 7 kati ya 11" na uonyeshe kila mmoja alitoka wapi akafika wapi.

Pia usipime siku ile ile uliyofundisha ukaridhika. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo maandishi ya kusoma. Baadhi waliyarudia kuyasoma, wengine waliyafunika wakajaribu kuandika wanachokumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojilazimisha kukumbuka ndio waliobaki na mengi. Pata mambo mawili hapo. Kila kipindi kianze kwa dakika chache za kukumbuka kipindi kilichopita, madaftari yakiwa yamefungwa na bila alama yoyote. Na kipimo chako cha mwisho kifanyike wiki mbili baada ya somo la mwisho.

Kuhusu wakati nitakwambia kwa ufupi, maana ni jambo la mikono. Kwa watoto wengi 1498 na 1884 zote ni "zamani". Chukua kamba, kila mwaka uwe sentimita moja. Funga kitambaa pale Vasco da Gama alipofika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1498, kingine 1884. Kati yake kuna karibu mita nne. Kisha funga mwaka aliozaliwa mtoto mwenyewe. Kutoka 1884 hadi kwake ni kama mita moja na robo. Waache watembee kando ya kamba hiyo. Watagundua wenyewe kwamba Mkutano wa Berlin uko karibu nao kuliko ulivyo karibu na Vasco da Gama, na hutahitaji kuwaeleza.

Ninachokuomba usikikose ni picha. Watoto wanaoitwa dhaifu huwa wa mwisho kuonyeshwa kitu halisi cha historia. Wenzao wanapewa barua, michoro na hoja. Wao wanapewa karatasi za kujaza nafasi zilizoachwa wazi, mwaka baada ya mwaka, halafu tunashangaa kwamba somo limewachosha. Sam Wineburg, katika utafiti wake wa mwaka 1991, alitazama jinsi wanahistoria wanane na wanafunzi wanane wa sekondari walivyosoma hati zile zile za mapigano ya Lexington, huko Marekani, ya mwaka 1775. Wanafunzi wale walikuwa wazuri darasani, lakini walisoma kuanzia juu kwenda chini wakikusanya habari. Wanahistoria walitazama kwanza nani ameandika, lini, na alikuwa na haja gani. Tabia hiyo inafundishika, na haihitaji kusubiri mpaka mtoto apate alama nzuri.

Upo mchoro wa siku zile unaoonyesha Mkutano wa Berlin: wanaume wamekaa kuzunguka meza, na ukutani imetundikwa ramani kubwa ya Afrika. Uchapishe, ugawe mmoja kwa kila watoto wawili. Waambie wahesabu watu. Waulize wamevaaje, wanatazama wapi, ukutani kuna nini. Kisha uliza: nani angepaswa kuwa humu na hayumo? Ukishauliza, nyamaza, hata kimya kikiwa kirefu. Atatokea mmoja wa kusema kwamba ramani ni ya Afrika na mezani hapana Mwafrika. Mataifa 14 yalihudhuria, na bara lililojadiliwa halikuwa na mjumbe. Mtoto akiligundua hilo kwa jicho lake mwenyewe, neno "ukaliaji" utamfundisha kwa dakika mbili.

Na wewe mwenyewe uwe mwangalifu hapo. Tumezoea kusema kwamba Afrika iligawanywa kwenye meza ile kwa kalamu na rula. Mkutano ulianza tarehe 15 Novemba 1884, ukamalizika tarehe 26 Februari 1885, na ulijishughulisha zaidi na biashara katika mito ya Kongo na Niger pamoja na masharti ya taifa la Ulaya kudai sehemu mpya ya pwani. Mipaka mingi ilichorwa baadaye, kwa mikataba ya mataifa mawili mawili, kama ile ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886 na 1890. Usiogope kuwaambia watoto hili. Wakijua kwamba hata yanayorudiwa kila siku yanaweza kuchunguzwa, watakuwa wameonja kazi ya historia yenyewe.

Mambo mawili kabla sijakuacha. Liondoe neno "dhaifu" kwenye kichwa cha utafiti. Karatasi hiyo itafika shuleni, na ipo siku mtoto atajisoma humo. Omba ridhaa ya wazazi kwa maandishi, mwulize na mtoto mwenyewe kama anataka kushiriki, na akikataa mwache bila kumnunia. Majina yao usiyaandike popote. Wape herufi au namba.

La pili ni mwalimu wa darasa. Umesema ulinyamaza kwa heshima, na ulifanya vema, kwa sababu bila yeye huna darasa. Maneno yake yaliniuma na mimi. Hata hivyo nimefundisha miaka mingi, na najua mtu anaweza kufika hapo kwa uchovu tu, akiwa na watoto wengi na muda mchache. Usibishane naye. Mwombe akusaidie kusahihisha: mpe aya ambazo watoto wameandika kabla na baada, bila majina wala tarehe, zikiwa zimechanganywa, na ayapange maandishi hayo kwa ubora kadiri anavyoona yeye. Utapata msahihishaji asiye na upendeleo kwako, jambo ambalo msimamizi atalipenda. Naye atajikuta anasoma mawazo ya watoto wale bila kujua ni ya nani.

Umeniuliza kama wapo watoto wasio na kichwa cha historia. Katika miaka yangu yote darasani sijampata hata mmoja. Nimewapata wengi ambao hakuna aliyewaambia Berlin ni nini.

Kwa hiyo kesho, kabla ya pendekezo na kabla ya msimamizi, mtafute kijana wako akiwa peke yake. Mwambie swali lake lilikuwa zuri na kwamba hukumjibu. Fungua ramani, mwekee kidole kwenye Berlin, mweleze Bismarck alikuwa nani, kisha usubiri swali linalofuata. Akiuliza, liandike kama alivyolisema, na juu yake weka tarehe.